Aliyechukua Ripoti ya Kiwanja Changu

Mpima udongo alishuka kwenye gari, akakitazama kiwanja changu, akakitazama tena, kisha akarudisha vyuma vyake garini.

Nikadhani kuna kitu amesahau.

"Dada," akaniambia, "hapa si nilishapima? Kwani ile ripoti hamkuisoma?"

Ripoti? Ripoti gani tena?

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana jambo hili nimelimeza muda mrefu na limekataa kushuka.

Mimi nafua mashuka hospitalini, huu mwaka wa kumi na mbili. Nina watoto wawili. Baba yao aliondoka akisema anakwenda kutafuta maisha. Nadhani bado anayatafuta.

Baba yangu mzazi alipofariki aliacha viwanja viwili vilivyopakana. Na sisi tuko wawili: mimi, na mdogo wangu wa kiume mwenye duka la mabomba na koki.

Mama akaitisha kikao. Mashangazi na baba wadogo wakakaa, akatamka kwa mdomo wake: kiwanja cha juu, kilichonyooka kama meza, ni changu. Cha chini, chenye mawe na mteremko, ni cha mdogo wangu.

Nililia siku ile. Nikampigia mama magoti mbele ya watu wote.

Shangazi akacheka, "Binti kapendelewa!"

Kupendelewa. We acha tu.

Mwaka jana nikawa tayari kuanza msingi. Mwenzangu wa kazini nyumba yake ilikuwa imepasuka ukuta mpaka mkono unapita, akanishika bega: "Usimwage hata ndoo moja ya zege kabla udongo haujapimwa."

Ndipo nikamtafuta huyu mpima. Na huyo sasa, ananiambia alishapima.

"Lini?" nikamuuliza.

"Kama miaka mitatu hivi. Kazi ilipitia ofisini, mimi nilikuja kuchimba tu. Aliyeagiza simjui."

"Ulikuta nini?"

Akakuna kichwa. "Bora nikuonyeshe. Nikikusimulia utasema nakutania."

Akashusha chuma kirefu chenye nyundo inayopanda na kushuka juu yake. Akanielekeza: unagonga, unahesabu mapigo. Ardhi nzuri inabishana na chuma. Ardhi mbaya inakimeza.

Mwanzoni yangu ilibishana kidogo, nikaanza kutabasamu.

Kisha mapigo mawili tu, chuma kikazama urefu wa mkono mzima, kama kisu kwenye papai bivu.

Tukaita vibarua wawili wachimbe. Juu, udongo mwekundu wa kukutia tamaa. Shimo lilipofika kiunoni, vikaanza kutoka vipande vya matairi. Chupa. Godoro lililooza. Matope meusi yananuka kama mtaro. Kwenye mita mbili, maji yakaanza kuchuruzika.

"Zamani walichimba changarawe hapa," mpima akasema. "Wakaliacha shimo, likajazwa taka, juu wakafunika udongo. Ukijenga, upande mmoja utatulia, mwingine utashuka. Ardhi ngumu iko mita tano chini. Msingi wake peke yake ni nyumba nyingine, dada."

Nikakaa juu ya kifusi.

"Na kile cha chini?"

"Tulipima vyote viwili siku ile. Kile ni mwamba. Chuma kiligoma kabisa."

Mtu mmoja tu akanijia kichwani. Mdogo wangu.

Nani mwingine? Anauza vifaa vya ujenzi, mafundi wote wa mji ni rafiki zake. Alipima kimyakimya, akaujua ukweli, akamwachia dada yake shimo.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwake, matope miguuni. Wateja watatu walikuwa ndani, mkewe yuko kaunta.

"Mwizi mkubwa wewe!"

Akageuka. "Dada? Kuna nini?"

"Usinidada! Uliniangalia nikipiga magoti kushukuru jalala!"

"Jalala gani?"

Nilimsema, jamani. Nikamwambia ni mnyonyaji tangu utotoni. Nikamkumbusha biashara yake ya kwanza ilipokufa akalala kitandani miezi mitatu, ni nani aliyekuwa akimlisha. Nikamalizia kwamba kuanzia siku hiyo sina mdogo.

Mteja mmoja akaiweka chini koki aliyoshika, akatoka polepole kama anayetoka msibani.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. Macho yamemjaa machozi, mbele ya mkewe.

"Naapa kwa kaburi la baba, sijui unaongea nini. Nenda kwenye hiyo ofisi. Ukikuta jina langu, duka hili lichukue lote."

Nikamsonya, nikaondoka.

Kesho yake nikaenda ofisini. Karani, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, akapekua kabati mpaka akapata faili. "Ripoti ilichukuliwa na mwenyewe aliyeagiza. Sahihi yake hii hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kuona mwandiko wa mdogo wangu.

Ilikuwa sahihi ya mama.

Herufi tatu zilizolalia kushoto. Nimeziona chini ya kila ripoti yangu ya shule, siwezi kuzikosea hata gizani. Na tarehe ilikuwa wiki mbili kabla ya kikao.

Yule karani akanivutia kiti kabla sijaomba, kisha akanitolea nakala ya ripoti.

Nilimkuta mama sebuleni anapiga pasi. Sikusalimia. Nikaiweka nakala juu ya nguo aliyokuwa akiinyoosha.

Akaisoma taratibu. Akachomoa waya wa pasi.

"Nani kakupa?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Si pole, si samahani.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipa mimi."

Akakaa. "Mwanangu, ningefanyaje? Viwanja viwili, kimoja kibovu. Mdogo wako unamjua, akianguka hainuki. Wewe mumeo kaondoka leo, kesho ukaenda kazini. Wewe ni jasiri. Nikasema huyu hata nikimpa shimo, atatoka."

Sijawahi kupigwa na mama tangu nizaliwe. Siku hiyo nilijua anavyopiga.

"Nilikuwa naenda kazini kulia, mama. Nilikuwa nawasha mashine zote za kufulia ndipo nilie, nisisikike."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Nikachukua karatasi yangu nikatoka.

Lakini kazi ngumu ilikuwa bado. Nilimtukana mdogo wangu mbele za watu, kwa hiyo nikarudi kumwomba radhi mbele za watu. Duka lilikuwa limejaa. Nilisema yote. Kisha nikampa ripoti.

Alisoma akiwa amesimama. Nikamwangalia miguu, nikisubiri aanguke kama mama alivyosema.

Hakuanguka. Alimwambia mkewe abaki na wateja, akachukua futi ya kupimia, akanishika mkono.

"Twende."

Kwenye kiwanja cha chini mafundi wake walikuwa wameshachimba mitaro ya msingi. Akawasimamisha. "Fukieni upande huu. Tunapima upya, nyumba zinakaa mbili."

"Utapoteza vyumba viwili," nikamwambia.

"Bora vyumba kuliko dada."

Jioni ile alimpigia mama simu, mimi nasikia. Hakumfokea. Alisema tu, "Mama, umenifanya mwizi bila kuniambia. Na mimi pia ulinipima vibaya." Akakata.

Leo nyumba zetu ndogo zimesimama pale chini, zinatazamana milango. Kile cha juu kimebaki nyasi.

Mama alikuja mwezi uliopita. Akazunguka vyumba vyangu vyote, akagusa kuta, akaishia mlangoni.

"Mwanangu, umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mama. Ila usiniite jasiri tena."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikambebea na mkoba. Zamani ningemwambia yote yanayonisumbua kazini. Siku hiyo tuliongea habari za mvua.

Wewe unayesoma, kama unajenga, pima udongo kwanza, na ripoti kachukue kwa mkono wako mwenyewe. Kabla hujamwita mtu mwizi, angalia sahihi ni ya nani.

Na kama wewe ni mzazi, una mtoto asiyelalamika, usimpe mzigo mbaya kwa kuwa anajua kubeba. Anaweza kuubeba mpaka mwisho, na bado ukampoteza.