Gauni la Kijani

Mke wa fundi cherehani alianza kukimbia asubuhi kwa ajili ya presha yake. Wiki ya tatu alishuka kwenye mizani amenuna.

“Nimeongezeka kilo mbili. Viatu vya kukimbilia nampa dada yako.”

“Nesi si alikwambia misuli ikishtuka kwa mazoezi huvuta maji, halafu yanapungua?”

“Maji gani ya kilo mbili, baba watoto?”

Fundi alimzungushia tepu kiunoni, kisha akalitoa gauni la kijani la mkewe.

“Hili sasa nalipunguza.”

Mke akapapasa vitobo vya mishono ya zamani, safu baada ya safu.

“Kumbe miaka yote ulikuwa unalipanua?”

“Ulikuwa unalipenda.”

Asubuhi iliyofuata, fundi alisikia viatu vya mkewe vikiteremka ngazi.