Mti wa Nsafu Niliouangusha Kabondo

Nakumbuka vizuri siku ile niliposhika shoka nikiwa nimevaa kitenge changu cha harusi, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka uso unapata moto. Usiulize kwa nini kitenge cha harusi. Vingine vyote vilikuwa kwenye maji, na mtu mwenye hasira hangoji nguo zikauke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Mume wangu Kambale alikuwa amenioa kwetu Butembo akanileta hapa Kisangani, kwa sababu alikuwa na duka kule Makiso, anauza sabuni, chumvi na maharage ya kwetu. Tulikaa Kabondo, kwenye kiwanja kipana chenye migomba nyuma ya nyumba na mti mmoja mkubwa wa nsafu karibu na ua. Mimi ni mtu wa mlimani, wa baridi. Nilijua parachichi, nilijua maracuja, ndiyo pasheni. Nsafu sikuwa nimewahi kuiona. Ninyi mliozaliwa hapa mnacheka, lakini mgeni lazima aelezwe: ni tunda refu kidogo, linaanza na rangi ya waridi, likiiva linakuwa zambarau ya kukaribia weusi, unalitia kwenye maji ya moto kwa muda mfupi linalainika, unalila na chumvi na kwanga, ule mkate wa muhogo, au ndizi ya kuchoma. Mara ya kwanza nililitema. Mara ya pili nilikula saba, na Kambale akanificha bakuli.

Ng'ambo ya ua alikaa Mama Regina, mjane wa mvuvi wa maporomoko ya mto. Naye alikuwa na mti wake mmoja wa nsafu, na ule mti ulikuwa unazaa mpaka matawi yanainama. Wa kwetu ulikuwa na mambo yake. Ukichanua, ulichanua kuliko ule wa Mama Regina, vichala virefu, nyuki kutoka asubuhi hadi jioni, siwezi hata kuanika nguo. Kisha maua yanaanguka yote, na mwisho wa msimu unahesabu matunda manne, matano, basi.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu na sijashika mimba hata mara moja. Ndugu wa Kambale waliposhuka na mizigo kutoka Butembo walilala kwetu, na wengine waliangalia tumbo langu kabla ya kunisalimia. Kambale hakunisema kamwe, namshukuru mpaka leo. Lakini shangazi yake mmoja, asubuhi ya kuondoka, alisimama uani na kikombe chake cha chai, akautazama ule mti, kisha akasema, si kwangu, alisema hewani tu:

"Mu hii kiwanja kila kitu inachanua tu, haizae."

Alipanda pikipiki akaenda zake. Mimi nikaingia ndani nikachukua shoka.

Sikumngoja Kambale. Sikumuuliza mtu. Na usije ukanitetea ukasema nilikuwa mgeni, sikujua desturi. Nilijua. Hapa kwetu Kabondo, mtu akitaka kukata mti wa matunda ulio karibu na ua, anapita kwanza kwa jirani, anapewa kiti, anaeleza. Mama Regina mwenyewe alikuwa amenifundisha hivyo nilipotaka kung'oa papai lililoegemea upande wake. Mimi nikajiambia kwamba desturi hiyo ni ya miti yenye faida. Huu hauna faida, nani ataulilia?

Mti wa nsafu si mgumu sana, lakini nilipiga tangu asubuhi mpaka jua lilipopita kichwani. Viganja vilipasuka. Ulipoanguka uliniharibia migomba miwili na kamba ya nguo, na kile kitenge nikakichana kwa msumari wa ua. Nilikuwa nakata matawi vipande vipande Mama Regina aliporudi kutoka kuuza samaki, beseni tupu kichwani. Alisimama upande wake wa ua. Aliutazama mti, akanitazama mimi, akautazama tena mti.

"Masika," akaniita kwa jina, "ulimalizia hapo ao bado unaendelea?"

Nikamwambia nimemaliza. Akaingia kwake. Mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi kwamba mambo yamekwisha salama.

Kesho yake asubuhi alikuja, akapiga hodi kama mgeni, akaketi.

"Mutoto yangu, ule muti ulikuwa mwanaume. Yangu iko mwanamuke. Nyuki zilikuwa zinatokaka kwa yako, zinakuyaka kwa yangu, alors yangu inazaa. Ingine miti wanaume ya hapa, batu walishakata zamani, wakajenga manyumba. Ilibaki ile yako."

Nilidhani ananitania. Mti kuwa mwanaume! Kwetu parachichi halina mke wala mume. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuniuliza," akasema. Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana yaliniingia.

Msimu ulipofika nikaona kwa macho yangu. Mti wake ulichanua vizuri, ukaweka vitunda vidogo vya waridi, nikaanza kupumua. Kisha vikaanza kuanguka. Kila asubuhi nilivikuta vimetapakaa chini, vingine upande wangu, havina hata mbegu ndani. Vilivyobaki juu havikuiva. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile, maana ilinisubiri mlangoni kila nilipotoka kufagia.

Na bado sikujua nimeharibu nini. Mama Regina alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, binti anayeitwa Ani, aliyeolewa mbali, mto unakoteremkia, kule Barumbu. Hawakuwa na uwezo wa kutembeleana. Kila msimu mama alijaza kikapu cha nsafu za mti ule, ambao Ani aliupanda na kuushuka utoto wake wote, akakipeleka bandarini kikaenda na boti. Boti ikirudi ilimletea samaki waliokaushwa kutoka kwa Ani. Hizo ndizo zilikuwa barua zao. Mwaka ule kikapu hakikwenda. Mwaka wa pili nao hakikwenda, na mtu mmoja wa boti akafika mpaka kwa Mama Regina na ujumbe wa maneno. Nilikuwa namenya ndizi karibu na ua, nikausikia wote: Ani anauliza kama mama yake amekufa na watu wanamficha, ao kama mama amemkasirikia.

Mama Regina alimchukua yule mtu pembeni akamjibu. Jibu sikulisikia. Niliacha ndizi zangu nikaingia chumbani nikalia mpaka Kambale aliporudi.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni nikanunua beseni zima la nsafu zilizotoka Bengamisa, nzuri, nene, nikambebea. Nikapiga magoti. Nikasema, mama, tuma hizi. Alichukua moja, akaipasha, akala polepole, akatikisa kichwa kwamba ni tamu.

"Iko muzuri. Lakini Ani anajua ladha ya yetu. Nikituma hii atajua iko kitu namuficha." Kisha akanishika bega nisimame. "Tutakula sisi wawili. Alafu zile mbegu usitupe, leta hapa. Mbegu ya nsafu haingoje. Ikipita siku tatu, ine, imekufa."

Basi tukala, na tukapanda. Mbegu kumi na mbili, kwenye makopo ya maziwa aliyoyatoboa chini kwa msumari, kila mbegu imelazwa ubavu na kufunikwa udongo kidogo tu. Nikamuuliza ipi ni dume. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuna anayejua, akasema. Unapanda, unatunza miaka mitano, sita, mpaka mti uchanue, ndipo unausoma. Ndiyo sababu alitaka zote kumi na mbili.

Miche ilipofika magotini tuliihamisha chini ya migomba yangu, maana nsafu changa haipendi jua kali. Mbili zililiwa na mbuzi wa jirani, hakubakiza hata jani. Nne hazikuota kabisa. Mbili nilizikausha mimi mwenyewe kwa haraka zangu, nilikata migomba upande mmoja nikidhani nazipa mwanga. Mama Regina alikuja akaangalia majani yaliyoungua, akasema tu, "Donc, Masika na shoka," akarudi kwake. Zikabaki nne.

Tulingoja. Nikitazama nyuma, naona miaka ile ndiyo iliyonilea. Kila jioni nilipita kwake kumsaidia kusafisha samaki, tukaongea, nikajifunza Kilingala kutoka kwake na yeye akajifunza kutoka kwangu kupika maharage bila kuyaunguza. Ndugu wa Kambale waliendelea kuja na kuuliza maswali yao. Mama Regina hakuniuliza hata mara moja.

Mwaka wa sita tangu tupande, mti wa kwanza ulichanua vichala vifupi, ukashika vitunda vichache. Majirani walikuja kunipongeza. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikalia, kwa sababu ulikuwa jike. Kambale alisimama pale na koti lake mkononi, hajui amfariji vipi mwanamke anayelilia mti kwa kuzaa. Fikiria basi: yule yule aliyekata dume kwa sababu halizai, sasa anamwomba Mungu usiku na mchana ampe mti usiozaa.

Mwaka uliofuata mti wa tatu ukatoa vichala virefu. Niliviona asubuhi, nikaogopa kuamini, nikaenda kumwita Mama Regina. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, nikamshika mkono mpaka pale. Hakujaribu kutazama. Alisimama chini ya matawi, akainamisha kichwa, akasikiliza nyuki.

"Iko mwanaume," akasema.

Tulishikana tukacheka kama wasichana. Ndipo nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote: kwa nini siku ile hakunitukana.

"Nilikasirika," akasema. "Nilikuwa na maneno mingi mudomoni. Alafu nikaona vile unatetemeka na ile shoka, mikono yote damu. Nikajua haiko muti ulikuwa unakata."

Msimu ule mti wake ulizaa. Si kama zamani, lakini matunda yalikaa, yakageuka zambarau, yakaiva. Kikapu kilikwenda Barumbu. Boti iliporudi haikuleta samaki, ilimleta Ani mwenyewe, na watoto watatu ambao bibi yao hakuwahi kuwaona.

Tulikula uani kwa Mama Regina, nsafu na kwanga, watoto midomo yote zambarau. Ani aliutazama ua, akauliza kile kisiki cha zamani upande wangu ni cha nini. Kisha akajijibu mwenyewe: ah, ndiyo ule mti ulioangushwa na upepo, mama alinitumia habari.

Nikamtazama Mama Regina. Alikuwa anamenya tunda, hainui kichwa. Miaka tisa, mwanangu. Tangu yule mtu wa boti arudi na jibu, binti yake alikuwa anaulaumu upepo, na mimi naingia na kutoka nyumba ile kila jioni.

"Haikuwa upepo," nikasema. "Ni mimi. Niliukata."

Watoto waliendelea kula. Ani alirudisha tunda lake kwenye sahani. Niliona hasira ikimpanda usoni, na ilikuwa haki yake. Kisha akamtazama mama yake, akaitazama ile miti michanga nyuma yangu, akavuta sahani ya nsafu kutoka mbele yake akaisogeza mbele yangu.

"Kula, yaya," akasema, ndiyo kusema dada mkubwa kwa Kilingala.

Mimi sikuzaa, mwanangu. Nimezeeka nao ukweli huo, na Kambale alizeeka nao pamoja nami mpaka Mungu alipomchukua, na nyumba yetu haikukosa watoto wa watu waliotuita baba na mama. Sikuelezi haya ili unionee huruma. Nakueleza kwa sababu naona siku hizi kijana akipata kiwanja, kabla hajajua jina la jirani yake, ameshamwita mtu wa msumeno wa injini.

Kwa hiyo sikiliza. Usikate mti ambao hujaishi nao misimu miwili. Ukiona hauzai, nenda kwa jirani, kaa, uliza. Huenda anakula yeye kinachotoka kwako. Panda mbegu mbichi, panda nyingi kuliko unazohitaji, na uziachie kivuli. Usimpime mtu kwa kile unachotegemea akuzalie, wala mke, wala mume, wala wewe mwenyewe. Na ukiwa umeharibu, usingoje mwingine akusemehe kimyakimya miaka tisa. Sema ni mimi, ukiwa bado unaweza kusogezewa sahani.

Mungu akupe udongo mwororo na mvua ya kutosha. Akupe maisha marefu ya kula matunda ya mikono yako, na meno ya kuyalia. Meza yako isikose mtu, mwanangu, na jina lako liitwe kwa upole mahali usipokuwepo.