Surua Haipigwi Sindano

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kukaa na mtoto mwenye surua kwenye chumba kisicho na mwanga? Mimi nimekaa. Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Wazee wakaziba dirisha kwa blanketi, wakasema surua haipigwi sindano, ukimchoma inarudi ndani inaua. Basi hatukumchoma. Tukamzika pale nyuma, kwenye migomba.

Sasa juzi hapa gari la chanjo likapita na kipaza sauti. Mjukuu wangu, yule aliyeolewa ng'ambo ya bonde, akaja kwangu na mtoto mgongoni, macho yake mwenyewe mekundu kwa kulia.

"Bibi, mama mkwe kakataa. Na wauguzi wanaondoka leo jioni."

Mumewe yuko Dar anauza kabichi zake, simu haipatikani. Kwa hiyo neno ni la mama mkwe. Nikachukua fimbo yangu, tukashuka, tukapanda.

Yule mama mimi naye ni utani mtupu. Tukamkuta anapukuchua maharage.

"Shikamoo mkwe! Umekuja kumchukua binti yako? Maana ugali wake mbichi!"

"Marahaba. Mbichi, mbona unaumaliza?"

Tukacheka weee! Halafu nikamwambia habari ya sindano. Uso ukabadilika.

"Mkwe, wewe si mtu mzima? Surua haipigwi sindano. Unataka nimuue mtoto wa mwanangu, na mwenyewe hayupo?"

Jamani, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, kama tulivyoogopa sisi.

"Huyu hana surua," nikamwambia. "Mwangalie, anacheka. Sindano hii ni ya sasa, kabla surua haijaja. Wangu hakuchomwa kabla, hakuchomwa baada. Mbona yuko kwenye migomba?"

Miaka yote ya utani wetu, nilikuwa sijamtajia yule mtoto. Akayaweka chini maharage aliyoshika. Kisha akainuka, akafunga kanga vizuri.

"Mlete. Nitambeba mwenyewe. Akichomwa akalia, anilaumu mimi."

Tukawawahi wauguzi. Mtoto akachomwa, akalia kidogo, akanyonya, akalala.

Wakati wa kurudi mjukuu wangu akanisindikiza, kanishika mkono kwenye mteremko. Tulipofika kwenye migomba yangu akasimama.

"Bibi, nikijaliwa wa kike, nampa jina la yule mtoto wako. Na siku ya chanjo yake nakuja kukuchukua, twende wote."