Nyumba ya Mama Latifa Haiuzi Magodoro

Mwezi wa kwanza, mwanamume kutoka Misisi alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu kwa vumbi, akabisha hodi kwa Mama Latifa hapa mjini Baraka, akaomba godoro la watu wawili.

"Hapa si duka," Mama Latifa akamwambia.

Yule bwana akakunjua kalenda. Pichani ilikuwa nyumba ya Mama Latifa kabisa: ukuta wa buluu, samaki ambao marehemu mumewe Saleh aliwachora kuzunguka mlango, hata vitenge vyake kwenye kamba. Chini: MAGODORO YA EUGÈNE, BARAKA. Kufikia Ijumaa walikuwa wamebisha watu wanane.

Mpiga picha alikuwa Kezimana, Mrundi aliyeanzia kazi kambi ya wakimbizi ya Lusenda kabla ya kufungua studio sokoni. Mama Latifa alimkuta akikata picha za pasipoti.

"Kezimana, nani alikupa nyumba yangu?"

"Mama, mi nilisimama ku barabara. Barabara ni ya batu bote. Na hii picha iko hapa ku ukuta tangu mwaka jana, we mwenyewe uliisifu."

"Niliisifu, kweli. Kuitundika hapa sikukatala. Lakini Eugène kuuzisha nayo matela yake, magodoro yake, nani aliniuliza? Batu banasema nimeolewa na Eugène!"

Kezimana alitaka kucheka, akaona macho ya mama, akaacha. Siku Eugène alipoichagua picha ile, Kezimana alifurahi mno, hata hakukumbuka kwamba nyumba ina mwenyewe.

"Nilikosa, mama."

Wakaenda pamoja dukani. Eugène alijitetea kidogo, kisha akaahidi kuzichoma kalenda zilizobaki.

"Usizichome!" Mama Latifa akasema. "Bale samaki ni kazi ya Saleh, acha batu babaone. Lakini muandike nyumba ni ya nani, na duka iko wapi."

Kezimana akaandika karatasi ya ruhusa. Mama akaisoma mara mbili, akafuta neno "milele", akaandika "mwaka huu tu", akatia sahihi. Alasiri yote wakabandika vikaratasi vyenye maelezo hayo kwenye kalenda, wakitaniana.

Siku hizi Kezimana hatoi picha ya mali ya mtu kwa tangazo bila karatasi kama ile. Wiki jana Ayubu, mwenye boti, alikubali kutia sahihi kwa sharti kwamba boti ipakwe rangi kwanza, ipigwe picha upya. Bado wanangoja rangi ikauke.