Mbao Mbichi na Pareto

Mume wangu alijenga nyumba ya kukaushia mbao kwa sababu ya aibu. Simsengenyi, yeye mwenyewe aliwaambia watu hivyo, ila alisema akicheka. Tulikuwa tumepata shamba huko Bahati, nje ya Nakuru, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine karibu, kanisa letu lilimpa kazi ya mlango mkubwa. Wazee wa kanisa walitaka mlango kabla ya Krismasi, kwa hiyo alitumia mbao mbichi za sipresi, zilizotoka kwenye msumeno juma lile lile. Kiangazi kilipopita, ubao mmoja ulikuwa umejikunja, nyingine zimeachana, na anayehubiri aliweza kuona nani anakuja akiwa amechelewa kabla hajafika. Watu wakacheka, kisha wakaanza kwenda kutafuta mafundi Nakuru mjini.

Wazee hawakumfukuza. Walimpa nafasi ya pili, wakasema wazi kwamba mlango huu nao ukiharibika, wa tatu utanunuliwa mjini na yeye hatashika tena nyundo pale kanisani. Alirudi nyumbani akakataa chakula. Mtu aliyezoea kula sahani mbili akikataa chakula, mkewe hahitaji kuambiwa kitu.

Zamani alikuwa akifanya kazi za mikono kwa mzungu mmoja upande wa Njoro, aliyekuwa na nyumba ya vioo ya kupandia maua. Alikumbuka kwamba mbao zilizosahauliwa mle ndani zilikauka haraka na hazikupasuka. Mzungu alipouza shamba na kwenda zake, mume wangu alinunua madirisha ya ile nyumba, akayaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, yamefunikwa kwa magunia na nyasi. Mawili tu ndiyo yaliyovunjika, na alinung'unika kuyahusu mpaka Pasaka.

Nyumba yenyewe haikuwa na maajabu. Nguzo za mtarakwa, kuta za mabanzi zilizokandikwa udongo, na paa la vioo lililolala karibu sawa, maana kwetu jua la mchana hupita utosini. Chini ya vioo alitandika mabati aliyoyapaka masizi yaliyochanganywa na oili chafu ili yashike joto. Aliacha matundu chini ukutani na mengine juu, hewa kavu iingie na ile yenye unyevu itoke. Ukifungua mlango mchana, joto lilikupiga usoni pamoja na harufu ya utomvu, na macho yakaanza kutoa machozi.

Mbao alizinunua kwa mzee mmoja wa kilemba mwenye mashine ya kupasua magogo. Mzee alipoelezwa alicheka hadi akashika tumbo. "Fundi, sasa unataka kuoka mbao kama mkate?" Lakini alimchagulia zilizonyooka.

Tulizipanga wawili, mimi upande huu na yeye ule, vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, mawe mazito juu zisijipinde. Kila Jumamosi alichukua kipande kile kile kimoja cha ubao uliokaa mle ndani, akaenda kukipima kwenye mzani wa posho mill, pale tuliposagia mahindi. Mradi kilikuwa kinazidi kuwa chepesi, mbao zilikuwa bado zinatoa maji. Siku uzito ungeacha kushuka, zingekuwa tayari. Nilingojea habari za ule mzani kuliko nilivyomwonyesha. Kipande kilishuka, kikashuka, na yeye akaanza tena kupiga mluzi.

Halafu mvua ya masika ikaja, na pamoja nayo mama yake.

Mama mkwe wangu alikaa upande wa chini wa shamba letu, na alikuwa na kipande chake cha pareto, yale maua meupe yanayotengenezewa dawa ya wadudu. Pareto hiyo ilikuwa yake, si ya mwanawe, na alipenda kutukumbusha hivyo. Shida ni kwamba maua yakichumwa wakati wa mvua hayapati pa kukaukia. Yanakuwa meusi, na mnunuzi anayarudisha. Asubuhi moja aliingia kwenye nyumba ya mbao bila hodi, maana mama hapigi hodi kwa mwanawe, akatandaza maua yake juu ya mbao zetu. Yalikauka meupe, safi. Alirudi kutoka kwa mnunuzi akiwa na uso wa bibi harusi, akaenda moja kwa moja kuchuma mengine.

Jumamosi iliyofuata kile kipande kilikuwa kizito kuliko juma lililotangulia. Mume wangu alikipima tena, kisha akamwomba mwenye mzani naye akipime. Maji ya maua yalikuwa yameingia kwenye mbao.

Kwetu mwanamume hamkatalii mama yake uso kwa uso. Neno kama hilo hupelekwa na mke, kwa upole, huku wakimenya viazi. Jioni hiyo akaniambia, "Mama watoto, utaongea na mama."

"Mimi? Nimwambie nini?"

"Mwambie mbao zinaharibika."

"Baba watoto, mbao ni zako na mama ni wako. Mdomo wa kumkatalia utatoka kwako."

Nilikuwa nimechoka kuwa mimi ndiye mbaya katika boma lile, na sijuti. Jumatatu asubuhi niliona kufuli kwenye mlango wa nyumba ya mbao, kufuli jipya, kubwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Mama alikuja na kiondo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, maua yamejaa hadi juu. Nilimwona nikiwa jikoni. Hakulitikisa lile kufuli. Alilishika, akaligeuza, akaliangalia nyuma.

"Mama, njoo kwanza unywe chai," nikamwita.

"Chai ni ya mgeni," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiri niko kwangu."

Akateremka na kiondo chake. Maua yalikuwa meusi kabla ya juma kuisha. Mwanawe alimpelekea sukari. Akaipokea, akampa uji, wakazungumza juu ya ng'ombe. Neno kufuli halikutajwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Afadhali angetukana.

Mbao zilikauka baada ya mvua. Mlango ulitoka mzuri, wa mabawa mawili, mzito, na ulifungika bila kusukumwa. Miaka ilipita haukusogea hata unywele. Kazi zikaja kutoka Njoro na hata mjini, na jina lake likarudi. Alimjengea mama yake nyumba ndogo ya vioo ya kukaushia pareto. Mama akashukuru sana, akafugia kuku humo.

Na kanisani mama alikuwa akiingia kupitia mlango mdogo wa nyuma, ule wa akina mama wanaobeba maji. Watu walidhani ni magoti, maana mbele kuna ngazi. Mimi nilijua, na mume wangu alijua. Kila Jumapili alikaa mahali anapoweza kuuona ule mlango mdogo, na alipomwona mama yake ameingia, ndipo alipofungua kitabu cha nyimbo. Niliwakasirikia wote wawili. Walikuwa kichwa kimoja kilichogawanywa mara mbili.

Mama alifariki wakati wa baridi, mwishoni mwa miaka ya sabini. Wanawe walimbeba, mume wangu akiwa mbele. Mabawa yote mawili ya mlango mkubwa yalikuwa yamefunguliwa na mchungaji alikuwa amesimama katikati. Kwenye ngazi mume wangu akasimama.

"Mama hupitia huku," akasema.

Wakazunguka naye nyuma. Jeneza halikuweza kupita, kwa sababu mlango mdogo, hata ukiwa wazi, ulibaki umeziba njia pale kwenye kona. Akawaambia ndugu zake walishushe, akaomba bisibisi, akavua koti la suti. Waimbaji walimaliza wimbo wakauanza upya, na yeye alikuwa amepiga magoti, anafungua bawaba moja baada ya nyingine. Akautoa mlango, akauegemeza ukutani, akavaa koti. Kisha wakamwingiza mama yake, na sisi sote tukamfuata kwa huko nyuma.