Kila Mwiko wa Bi Waridi Hupita Puani kwa Muhidini

Ukungu haujainuka mlimani Loleza, na tayari misumari inalia barazani kwa Bi Waridi binti Bushiri, karibu na soko la Mbeya. Anaing'oa kwa koleo kutoka kwenye makasha yaliyotupwa na wenye maduka. Mkekani, mumewe Muhidini anapokea kila ubao, anaukwaruza kwa ukucha, anaunusa.

"Huu ulibeba sabuni. Chonga," anasema. Unaofuata anautupa upande wa kuni.

Mbao hizo hugeuka miko, vigoda na vibao vya chapati. Mwiko ni senti hamsini, na ndio unaowalisha.

Muhidini alikuwa seremala mwenye jina hadi mwaka 1953, ugonjwa wa macho ulipomfungia dunia. Zana zikajaa vumbi. Siku unga ulipokwisha, Bi Waridi hakuomba ruhusa. Alishika randa.

"Nani anagusa randa yangu?" Muhidini akauliza kutoka ndani.

"Mkeo."

Tangu hapo Muhidini alikula kimya, akalala kimya. Mafundi wa mtaani nao wakacheka: mwanamke na msumeno! Bi Waridi akaendelea kuchonga.

Kisha Lusia, mkulima wa viazi kutoka milimani, akarudisha mwiko wake.

"Dada, ugali wangu unanuka mafuta ya taa. Watoto wamekataa kula."

Habari zikaenea sokoni, wateja wakaanza kumkwepa. Bi Waridi akaingia ndani, akakaa sakafuni, akalia. Muhidini akapapasa mpaka akaupata ule mwiko mkononi mwa mkewe. Akaunusa.

"Kasha hili lilibeba madebe ya mafuta. Ubao ukiwa baridi haunuki sana. Ugali wa moto ndio unaoufichua. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza vipi, na hunisemeshi?"

"Tukacheka sote wawili," anakumbuka Bi Waridi. "Machozi yangu hata hayajakauka."

Miko iliyobaki ya kasha hilo waliichoma moto. Lusia akapewa mpya, bure, naye akawarudisha wateja kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa Bi Waridi ameahidiwa mbao za bodi ya lori bovu huko Chimala. Anataka kuunda meza ndefu ya useremala, ya kutosha watu wawili. Juma lililopita Muhidini alishika randa kwa mara ya kwanza tangu augue. Ikamkwangua kidole, akakinyonya, akaendelea.

"Ananiambia nitafute fundi wa kunisaidia," anasema Bi Waridi, akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Wa nini? Fundi ninaye ndani."