Rojo Lililokosa Shimo

Nyinyi wajukuu mnaosoma haya, mliozaliwa mkakuta kichwa kinapigwa picha asubuhi na jioni majibu yako kwenye simu, kaeni vizuri. Sitawabembeleza. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na ninaandika kama ninavyosema. Mnasema bibi alikuwa mkali. Nilikuwa mkali, na bado.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kariakoo ilifumuka: marobota ya mitumba mpaka katikati ya njia, redio, sabuni za kila rangi, vitu ambavyo juzi tu tulikuwa tunavipangia foleni. Mimi nilikaanga vitumbua barazani kwangu, upande wa Gerezani, na mafundi wa gereji walikunywa chai kwangu kabla ya kazi. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, miaka minane, ndiye aliyemimina rojo la mchele kwa upawa. Chuma changu kilikuwa na mashimo saba. Mtoto yule aliyajaza yote bila kumwaga tone, huku anabishana na mafundi habari za mpira.

"Bibi, huyu mjukuu wako ana domo!"

"Kula uondoke, umechelewa kazini."

Masika moja akaanza kukosa shimo. Rojo likaanguka kwenye mkaa, likanuka baraza zima. Nikampiga kofi mkononi. Kesho yake likaanguka tena, nikampiga tena. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila akiamka alikuwa anatapika, kisha anapata nafuu. Tukampa dawa ya malaria, tukampa ya minyoo. Jirani akasema mtoto ana jini. Nikamwuliza, "Jini gani linatapika alfajiri halafu linavaa sare linaenda shule?"

Aliyeona ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nilikwenda na mtoto kununua dawa ya kichwa kwa mara ya tatu. Yule mama akaacha kaunta, akamwambia mtoto atembee juu ya mstari wa vigae, kisigino kiguse kidole. Mtoto akaenda hatua mbili, akaangukia kushoto.

"Bibi, hii siyo malaria," akasema. "Sikuuzii dawa tena. Nenda hospitali kubwa. Leo."

Walikuta uvimbe nyuma ya ubongo, juu kidogo ya shingo. Wakamnyoa, wakampasua kisogoni. Baadaye daktari wa upasuaji, kijana mwembamba, akaniita pembeni.

"Bibi, tumeutoa karibu wote. Kipande kimeng'ang'ania mahali ambapo nikipagusa hatapumua. Unaweza kuota tena."

"Nitajuaje?"

"Safari hii ulijuaje?"

Nikamweleza habari ya vitumbua. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Basi endelea kumpa upawa," akasema. "Siku akianza kukosa shimo, usingoje atapike."

Kwa hiyo akamimina, kila asubuhi, na mimi nikautazama ule mkono kuliko nilivyotazama mafuta. Nywele ziliota lakini kovu lilibaki wazi. Fundi mmoja akamtania, "Zipu hiyo inafunguka?" Akamjibu, "Inafunguka. Lete kichwa chako tukuongezee kidogo." Baraza zima likaangua kicheko. Mwaka ukapita, na wa pili, mashimo saba hayakukosa kitu.

Ndipo dada yangu akafariki kwetu Lindi. Nikaenda, nikakaa mpaka arobaini. Na kwetu mtu aliye msibani hapelekewi habari mbaya. Ndivyo tulivyolelewa, nami niliwalea wanangu vivyo hivyo.

Niliporudi, nilimkuta mtoto kwenye mkeka, amevalishwa gauni zuri, mikono mapajani. Upawa alikuwa nao mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekaa?"

Akamtazama mama yake. "Tumempumzisha, mama," binti yangu akasema, bila kuniangalia.

Nikamwinua mwenyewe, nikampa upawa. Shimo la kwanza akajaza. La pili akajaza. La tatu likaenda mkaani. Mtoto akauvuta mkono upesi, akaficha nyuma. Alikuwa anangoja kofi.

Sikumpiga. Nikauliza, "Tangu lini?" Mama yake akainamia mkaa. Akajibu mtoto mwenyewe.

"Tangu wiki ya pili ulipoondoka, bibi. Walisema usiambiwe, uko kwa marehemu."

Jioni ile kukawa na kikao. Mwanangu wa kwanza, muuza mitumba, ndiye aliyesemea wenzake. "Mama, kichwa cha mtoto siyo robota, tufungue tufunge, tufungue tufunge. Mara moja imetosha. Mwache apumzike."

"Apumzike kazi gani aliyofanya?" nikamwambia. "Mimi nimetoka kuzika, nawajua wanaopumzika. Huyu amekula vitumbua vitano leo."

"Sita," mtoto akasema kutoka mlangoni.

Asubuhi nikamshika mkono tukaenda, sikumwomba mtu ruhusa. Daktari akauliza ameanza kukosa lini. Nikamwambia ukweli. Akaziandika wiki zile, akazipigia mstari chini, na mstari ule ninao mpaka leo. Wakampasua tena palepale, juu ya kovu la zamani. Alitoka mkono wa kushoto unatetemeka, jicho moja linatazama kando. Na daktari akasema yaleyale: unaweza kurudi. Nikamjibu, ukirudi utatukuta.

Siku tulipomleta nyumbani, mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa, na mto juu yake. Wanawake wa mtaani walikuwa wamekaa ukutani na sura za matanga, mmoja ameshajivutia kanga usoni. Nikaukunja mkeka mbele yao, nikautupa uani. Nikawasha mkaa. Kisha nikawaita wote wa nyumba yangu, mama yake na mjomba wake mbele, nikawaambia:

"Upawa ni wa huyu mtoto, asinyang'anywe. Akimwaga, amwage hapahapa barazani, kila mtu aone. Na siku akikosa shimo niitwe chuma hakijapoa, hata kama mimi mwenyewe niko makaburini nazika."